Mtoto Aliyesemwa Amelala

Kila alasiri Tuda alipotoka shule, kabla hata hajaweka mkoba mahali pake, alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote. Alikaa chini kando ya mama yake, mbele ya kitanda cha kufumia mablanketi, akaweka kiganja juu ya tumbo la mama na kungoja. Mama Izza alipitisha uzi wa sufu, akaugonga kwa kitana kizito cha chuma, na mtoto aliyekuwa tumboni akajibu kwa teke. Mama akigonga tena, naye hupiga tena.

"Huyu atakuwa fundi," Mama alisema. "Anafuma kabla hajazaliwa."

"Au atakuwa mkorofi kama Usman wa Ami Moha."

"Mungu apishe mbali," Bibi Rabha alidakia kutoka jikoni, na wote watatu wakacheka.

Tuda alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita katika kijiji cha Aghbalu, juu kwenye milima ya Moroko. Baba yake, Bassu, alikuwa akijenga nyumba za watu katika mji wa pwani, na sauti yake waliisikia kwenye simu kila Ijumaa. Nyumbani walibaki Tuda, mama yake, na Bibi Rabha aliyemzaa Baba. Baada ya Tuda zilikuja mimba mbili, na zote mbili ziliharibika mapema. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane, na nyumba nzima iliitunza kama moto wakati wa theluji. Baba alikuwa ameshaahidi kuja kuchinja kondoo siku ya kumpa mtoto jina.

Mama na Bibi walijua Kiamazigh tu, lugha ya nyumbani. Kiarabu alikijua Tuda, aliyejifunza shuleni, na kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba. Alisoma barua za serikali na maandishi ya kwenye chupa za dawa, na mgeni wa mjini akipotea njia ni yeye aliyeitwa kumwelekeza. Na tuseme kweli, kichwa kilimvimba kidogo. Mtoto anayetegemewa na wakubwa huanza kuona hakosei.

Alhamisi moja, siku ya soko, Mama na Tuda walipanda pikapu ya jirani yao Moha, wakashuka bondeni hadi kwenye zahanati. Mkunga wa pale aliitwa Ghizlan, msichana wa mjini aliyeletwa milimani mwaka ule ule, mchapakazi na mcheshi. Kiamazigh chake kilikuwa salamu mbili na neno "mkate". Chumba chake kilikuwa kidogo, na mlango ulikuwa umevimba kwa mvua hata haufungiki. Nje kidogo ya mlango ule, kwenye benchi, walikaa Moha na mwanawe Usman, aliyesoma darasa moja na Tuda. Masikio ya Usman yalikuwa wazi kuliko mlango wenyewe.

Ghizlan alimpima Mama, akasikiliza moyo wa mtoto, akatabasamu. Kisha akavuta kiti, akamkazia Tuda macho.

"Sasa nitafsirie vizuri, mdogo wangu, maana hili ndilo kubwa kuliko yote. Mwambie mama kuanzia leo ajue mtoto wake anavyocheza kila siku. Akiona anacheza kidogo kuliko kawaida yake, au ameacha, asingoje kesho. Aje hapa siku ile ile, au aende moja kwa moja hospitali ya mjini. Hata akija mara kumi na mtoto akawa mzima mara zote kumi, sitamcheka. Umenielewa?"

"Nimeelewa," Tuda alisema, na ni kweli alielewa kila neno.

Akamgeukia mama yake, akafungua kinywa, akakwama. Huko Aghbalu, binti hataji tumbo la mama yake mbele ya wanaume. Mama mwenyewe, mimba ilipoingia, hakuwahi kusema ana mimba. Alisema tu kwamba hajisikii vizuri, na watu wakajua. Tuda alijaribu kulitafuta neno la kusema kwa sauti ya chini. Hapo hapo akasikia mnong'ono kutoka kwenye benchi.

"Mkalimani wa matumbo."

Usman akajiziba mdomo kwa kicheko. Moha akamkanya, lakini naye alikuwa anatabasamu. Masikio ya Tuda yakawaka moto.

"Anasema mtoto ni mzima," alimwambia Mama harakaharaka. "Anasema ule vizuri na upumzike."

Ghizlan akainua nyusi. "Mbona fupi hivyo? Umemwambia yote?"

"Yote. Kiamazigh ni lugha fupi."

Ghizlan akacheka, akaandika kwenye kadi. Njiani kurudi, Mama aliuliza kwa nini nesi aliongea sana na tafsiri ikawa kidogo. Tuda akamjibu kwamba watu wa mjini ndivyo walivyo, maneno mengi. Mama naye akacheka. Waliicheka hadithi hiyo hadi nyumbani.

Zikapita wiki mbili. Jumatatu moja alasiri, Tuda alikaa mahali pake na kuweka kiganja kama kawaida. Mama akagonga kwa kitana. Kimya. Akagonga tena, mara hii kwa nguvu zaidi, na bado kimya.

"Leo amenuna," Mama alisema, lakini hakucheka. "Tangu asubuhi sijamsikia. Hata jana alicheza kidogo tu."

Bibi Rabha alitoka jikoni akifuta mikono. Aliweka viganja vyake viwili juu ya tumbo la mkwewe, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepata jibu.

"Amelala," alisema.

Neno hilo Aghbalu halikusemwa kwa mzaha. Tangu enzi za mababu, watu wa milima ile waliamini kwamba mtoto anaweza kulala tumboni mwa mama yake siku kadhaa, au mwezi, au hata miaka, kisha akaamka siku yake ikifika na kuzaliwa salama. Kila ukoo ulikuwa na kisa chake cha mtoto wa namna hiyo. Tena waliamini kwamba mtoto aliyelala asishtuliwe. Akishtuliwa usingizini, walisema, huzaliwa maiti, na aliyemshtua hubeba dhambi hiyo maisha yake yote.

Kwa hiyo Bibi alimnyang'anya Mama kitana, akakiweka juu ya kabati. Mbwa alipelekwa akafungwe kwa Moha. Kinu kikafunikwa, na unga ukaazimwa kwa jirani ili mtu asitwange ndani ya ua. Viatu vilivuliwa mlangoni. Hata birika la chai Bibi aliliondoa motoni kabla halijapiga mluzi. Nyumba nzima ikanyamaza ili mtoto asiamke.

Tuda alitembea kwa ncha za vidole kama wengine, na moyoni alijua. Akiona ameacha, asingoje kesho. Maneno ya Ghizlan aliyakumbuka kama yalivyotoka, moja baada ya jingine. Lakini angeyasemaje sasa? Mama angeuliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile?" Halafu kile kisa cha watu wa mjini na maneno yao mengi kingegeuka kuwa nini? Akajiambia Bibi amezaa watoto saba, anajua zaidi. Akajiambia huenda kweli amelala. Mtu anayetaka kuamini jambo hakosi sababu.

Jumanne asubuhi alimwuliza mama yake kwa kunong'ona kama mtoto amecheza.

"Nadhani alfajiri aligeuka kidogo," Mama alinong'ona. "Au ni mimi niliyegeuka."

Tuda alilishika lile "aligeuka kidogo" na kwenda nalo shule, akaliacha lile jingine. Lakini jioni hali ilikuwa ile ile. Mama alikuwa amelala ubavu, uso umempauka, mkono hautoki tumboni.

"Mama, kwa nini tusiende tu zahanati?" Tuda alisema.

"Kufanya nini?" Bibi alimkatiza. "Gari la Moha linaruka kila shimo. Hujui huko ndiko kumshtua? Alhamisi ni siku ya soko, tutaona."

Mama aliinua kichwa, akamtazama binti yake usoni kwa muda mrefu.

"Tuda. Yule nesi alisema lolote kuhusu jambo kama hili?"

Hapa, msomaji, mlango ulikuwa wazi kabisa. Hapakuwa na Moha wala Usman wala benchi. Palikuwa na mama anayeuliza na binti anayejua jibu. Lakini uongo wa kwanza huwa mdogo, na wa pili huja kuulinda ule wa kwanza.

"Hapana," Tuda alisema. "Alisema upumzike."

Mama akalaza kichwa tena. "Basi nipumzike," alisema.

Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda shule, Tuda alilaza sikio lake juu ya tumbo la mama. Alisikia tumbo likinguruma kwa njaa, na moyo wa Mama ukienda mbio. Hakusikia kingine. Darasani mwalimu alimwita mara mbili kwenye ubao, na mara zote mbili alisimama bila kujua ameulizwa nini. Usman akamtania kwamba mkalimani leo amepoteza ulimi. Kengele ya mapumziko ilipolia, aliacha mkoba, madaftari na kila kitu, akakimbia njia yote ya mteremko katika theluji iliyoanza kuyeyuka, akaanguka mara mbili, akaingia nyumbani na viatu vyake vya matope.

"Viatu!" Bibi alinong'ona kwa hasira.

"Alisema!" Tuda alilia. "Mama, nesi alisema! Alisema mtoto akiacha kucheza usingoje kesho, uende siku ile ile. Nilimwelewa vizuri. Niliona aibu kwa sababu Usman alikuwa mlangoni. Jana uliponiuliza nikaogopa. Nimesema uongo mara mbili, Mama."

Mama Izza hakumpiga wala hakupaza sauti. Aliketi kitandani.

"Rudia. Maneno yake yote, kama alivyoyasema."

Tuda akarudia yote, mpaka ile mara kumi na kwamba hatachekwa. Mama akasimama, akaenda kabatini, akateremsha kitana cha chuma.

"Izza, unafanya nini?" Bibi alisema. "Kaa chini, utamshtua."

"Acha ashtuke, mama," Mama alisema.

Akakigonga kitana juu ya mti wa kitanda cha kufumia. Mlio wake ulijaa nyumba iliyokuwa kimya siku tatu. Mama akangoja, mkono tumboni. Akagonga mara ya pili, akangoja. Akagonga mara ya tatu. Kisha akakiweka chini, akajifunika shuka lake la sufu na kutoka kwenda kwa Moha bila kuvaa soksi.

Moha hakuuliza swali hata moja. Aliwasha gari, Bibi naye akapanda, na safari hii hakuna aliyesema habari za mashimo.

Zahanatini, Ghizlan aliweka chombo chake cha kusikilizia chini ya kitovu, akakihamisha kushoto, akakihamisha kulia. Chumba kizima kilisikia mkwaruzo tu wa chombo kwenye ngozi. Alijaribu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Jumatatu," Tuda alisema. "Jumapili alicheza kidogo."

"Lakini si niliwaambia..." Ghizlan alianza, kisha akauona uso wa yule mtoto mbele yake, akaishia hapo. Akachukua simu na kuita gari la wagonjwa, naye akapanda pamoja nao.

Hospitali ya mjini, daktari, mtu wa makamo mwenye miwani, alimpaka Mama mafuta ya baridi tumboni na kutazama picha kwenye kioo cha mashine. Alitazama, akakigeuza kioo upande wake. Akasema kwa Kiarabu, polepole, akimwelekea Ghizlan, na Ghizlan akatoka mbio kumtafuta mfagiaji mmoja aliyejua Kiamazigh, ili habari ile isipitie kwa mtoto tena. Lakini Tuda alikuwa ameshasikia. Kwa dakika nzima, kati ya wote wanaomhusu yule mtoto, yeye peke yake ndiye aliyejua.

"Anasema nini?" Mama aliuliza.

Bibi alimtazama. Mama alimtazama. Tuda hakuruka neno.

"Anasema moyo wa mtoto umesimama. Anasema amekufa, Mama. Labda tangu jana. Anasema pole sana. Anasema watakusaidia umzae, wewe mwenyewe usipate madhara."

Mama akageuza uso ukutani. Mfagiaji alipofika na ndoo yake, hakukuwa na lililobaki la kutafsiri. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika Mama miguu, akalia naye ingawa hakumjua.

Bibi Rabha alimvuta Tuda mkono, wakamfuata daktari ukumbini.

"Mwulize," Bibi alisema. "Mwulize kama hakuwa amelala."

Tuda akauliza. Daktari akavua miwani.

"Mwambie bibi yako kwamba mtoto tumboni husinzia, kweli. Husinzia nusu saa hivi, saa moja kwa nadra, kisha anaamka na kucheza. Akinyamaza mchana kutwa hajalala. Amechoka, na hana njia nyingine ya kutuambia."

"Angepona?" Tuda aliuliza. "Angeletwa Jumatatu angepona?"

"Sijui," daktari alisema. "Siwezi kukudanganya. Wengine tunawawahi, wengine hapana. Jumatatu tungejaribu. Leo hatuna cha kujaribu."

Tuda akayatafsiri yote. Bibi alikaa kwenye kiti cha ukumbini, mikono mapajani, akatazama sakafu. Watu walipita na machela, na yeye hakuinua kichwa. Alipoanza kusema, hakuonekana kama anamwambia Tuda.

"Kabla ya baba yako nilibeba mtoto mwingine. Naye alinyamaza, wakaniambia amelala. Siku ya tano wifi yangu Itto alitwanga shayiri uani, na usiku ule nikazaa maiti. Nikasema ni Itto, ni kinu chake. Miaka thelathini na sita sikumpa mkono. Alipokuwa anakata roho aliniita mara tatu nije tuagane. Sikwenda."

"Hukujua, Bibi."

"Sikujua," alisema Bibi. "Naye alikufa akiamini ameua mtoto."

Mama alijifungua siku ya pili, Alhamisi, mtoto wa kiume, mwenye nywele nyingi na vidole kamili. Baba alifika akiwa bado na vumbi la saruji kwenye nguo. Alimchukua mwanawe katika kitambaa cheupe, wakamzika Aghbalu chini ya ukuta wa makaburi, pale wanapolazwa wadogo. Damu nyingi ilimtoka Mama na hospitali wakamweka siku sita. Aliporudi alikuwa amepungua nusu. Alimwambia Tuda lete maji, funga dirisha, na zaidi ya hayo hakumwambia kitu. Alasiri Tuda alirudi kutoka shule, akakaa peke yake mbele ya kitanda cha kufumia. Blanketi lilikuwa limeachwa katikati ya mstari na hakuna aliyeligusa.

Baba alipouliza, Tuda alimweleza kila kitu. Baba aliweka mikono kichwani, akatoka nje, akarudi jua likiwa limekwenda upande wa pili. Kesho yake akarudi kazini kwake pwani.

Wiki iliyofuata wanawake wa kijiji walikuja kutoa pole. Walikuja na sukari na mikate iliyofungwa vitambaani, wakajaza chumba. Mama Usman, mke wa Moha, naye alikuwepo, mwenyewe akiwa na mimba ya miezi saba. Wakasema ni kadari, wakasema Mungu atamlipa. Halafu, kama ilivyo desturi, mmoja akashusha sauti na kuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo.

"Na nani aliyemshtua?"

Macho yakazunguka. Mwingine akataja mbwa wa Bassu, kwamba alibweka usiku. Mwingine akasema ameambiwa Izza mwenyewe aligonga kitana. Tuda alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alitaka kurudi jikoni. Akaliweka sinia chini.

"Hakuna aliyemshtua," alisema. "Nesi alituonya na mimi sikumwambia Mama. Niliona haya kutaja tumbo mbele ya watu. Mama alipouliza, nikamdanganya."

Bibi mmoja akapiga ulimi kwa masikitiko, akasema binti mzima hana haya, anasema mambo ya ndani hadharani.

"Mwache," alisema Mama Izza.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kusikika sauti yake kamili. Alijiinua kwenye mito, Bibi Rabha akamwegemeza.

"Haya hizo hizo ndizo zilizonileta hapa," alisema. "Mficha uchi hazai, tunasema kila siku, kisha tunaficha. Binti yangu alikosea. Lakini ni nani aliyemfundisha kwamba neno 'tumbo' ni aibu kuliko uongo? Ni mimi. Ni sisi wote humu. Nesi naye alikuja hospitali na yule mfagiaji, akaniomba radhi, akasema alimtwika mtoto mzigo wa mtu mzima, na sasa ameomba apewe mwanamke wa kumtafsiria. Na mwanangu hakuwa amelala. Alikuwa anakufa, na sisi tukavua viatu tusimsumbue."

Bibi Rabha, aliyekuwa mkubwa kuliko wote chumbani, alifunika uso kwa ushungi.

"Njoo hapa katikati, Tuda," Mama alisema. "Waambie alichosema nesi. Chote."

Tuda akasimama katikati ya wanawake ishirini, akasema. Alitaja tumbo na teke. Alisema kila mama ajue kawaida ya mtoto wake, na akipunguza kucheza aende siku ile ile, asingoje soko wala ruhusa, na atakayekwenda mara kumi hatachekwa. Akaongeza maneno ya daktari kuhusu usingizi wa nusu saa. Mama Usman aliuliza itakuwaje kama mtoto anacheza jioni tu, mchana hachezi.

"Hilo sikuambiwa," Tuda alisema. "Nisikudanganye. Kesho twende ukamwulize nesi mwenyewe."

Wageni walipoondoka, Tuda alikusanya vikombe. Mama alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho. Tuda alisimama mbele yake na sinia mkononi.

"Mama, umenisamehe?"

Mama akafumbua macho, akamwashiria akae karibu. Akampangusa pua kwa ncha ya kilemba chake, kama alivyofanya Tuda alipokuwa mdogo.

"Nilikusamehe siku ile ile, tukiwa garini. Sikuwa na nguvu za kukuambia. Wewe ni mwanangu, na sasa ndiwe pekee niliye naye. Lakini nisikilize vizuri, maana sitarudia. Msamaha wangu haumtoi mdogo wako kaburini. Ulichoniambia Jumatano kilikuwa kweli tupu, na ulikimbia kwenye theluji kuja kuniambia, najua. Kilikuwa kweli hiyo hiyo Jumatatu. Jumatatu ingekuwa dawa, mwanangu. Jumatano ilikuwa habari tu."